Kanda ya Mia Moja na Kumi na Nne

Nyabuto alikuwa na daftari la kurasa mia mbili,
jalada la samawati, kona zimeliwa na vidole.
Humo aliwaandika watu wa Umoja kwa machozi yao:
Mama Khadenyi, mapenzi, lakini asife mtu.
Fundi Mutinda, ngumi, arudishe Jumatatu.
Mwalimu Apiyo, za vita. Huzificha chini ya madaftari ya wanafunzi.
Asiye na amana aliacha kitambulisho,
na droo ya chini ikajaa nyuso zisizocheka.

Mimi nilikuwa kijana wa kurudisha nyuma.
Kazi yangu yote ilikuwa hiyo: kanda ikija imefika mwisho
naitia kwenye deki, naipeleka mwanzo,
wafu wakiinuka kinyumenyume,
machozi yakipanda kurudi machoni.
Shilingi hamsini kwa usiku mmoja.
Ukichelewa, faini ishirini kila siku.

Kisha zikaja sahani nyembamba zinazong'aa,
kisha vijana wa tarakilishi, wakikujazia kijiti kwa shilingi kumi,
kisha hakikuja kitu. Watu waliacha tu kubisha.
Nyabuto akauza rafu kwa muuza viatu.
Deki akampa kinyozi, aliyeitaka kwa saa yake tu.
Pale kaunta ilipokuwa, siku hizi wanakaanga chipsi.

Nami? Usinicheke. Mimi ndiye ninayevuta waya.
Napanda nguzo, mkanda kiunoni,
natoboa kuta za watu, napenyeza uzi mwembamba kama tambi
wenye sinema zote za dunia ndani yake.
Ndivyo tulivyoagizwa tuseme.

Jumanne moja, ghorofa ya saba, lifti ni shimo lenye mlango,
mama mmoja akanifungulia.
Nikapiga magoti nyuma ya runinga
na chini ya kitambaa cha kufuma nikaona mgongo mweusi,
karatasi ya njano, mwandiko ninaoujua kuliko wangu:
114.

Nikamtaja jina.
Akaangalia koleo, akaangalia uso.
"Wewe ni yule wa kurudisha nyuma."
Tukaanza kuhesabu faini, ishirini kwa siku, miaka ishirini na mmoja;
tulipopita laki na nusu alicheka mpaka akaketi.

Halafu akasema: stima ilipotea.
Binti yuko ndani ya garimoshi, kaka yake anakimbia pembeni ya reli,
daraja linakuja, pap, giza.
Stima ilirudi baada ya siku mbili.
Katika siku hizo mbili Baba Khadenyi alipelekwa Hospitali ya Kenyatta
na kitanda kikapewa mwingine.
"Sikutaka kuirudisha kabla sijaimaliza.
Na kuimalizia wapi, na nani?"

Mtambo ukawasha taa ya kijani.
Nikaandika jina lile la Kihindi, herufi kwa herufi, kama masikio yalivyolihifadhi.
Runinga ikafikiri. Haikupata.
Ikatupa nyingine arobaini: huenda utazipenda.
Katika ile ya kwanza, mtu alikuwa amekwisha kufa kwenye picha ya jalada.
Mama Khadenyi akaguna.
"Hainijui, hii."

Kuna jambo sikumwambia.
Kanda ile haikuwa na mwisho.
Ilikuwa nakala ya nakala ya nakala,
ikakatika garimoshi likiwa darajani, stima iwepo isiwepo.
Wateja walipokuja kulalamika
Nyabuto aliegemea kaunta akawamalizia kwa mdomo,
kila mtu na mwisho wake,
ila kwanza alilamba kidole, akafunua daftari.

Nikajipangusa vumbi la ukuta.
Nikaikunja ngazi, nikailaza chini, nikaikalia.
"Garimoshi lilivuka," nikamwambia,
"na kaka yake alikuwa ameshafika ng'ambo."